Kisanduku cha kuumwa na wadudu: vya kununua humo ndani, na vya kuacha

Visanduku hivi vinauzwa kwa majina mengi, lakini ukivifungua vinafanana sana. Kuna pampu ya plastiki ya kufyonza sumu, kalamu ya joto inayotumia betri, kijiti cha amonia, mrija mdogo wa krimu, kibano, vidonge vichache vya mzio, na kadi ya picha inayoahidi kwamba ukilinganisha alama iliyo mwilini na mchoro wake utamjua mdudu aliyekuuma. Tumekipima kila kimoja kwa swali moja: kinabadilisha nini kwa aliyeumwa katika dakika za kwanza, na kesho yake?

Jibu letu kwa ufupi: kibano, krimu na vidonge vinastahili nafasi yake. Kalamu ya joto inasaidia, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye boksi. Pampu na amonia viachwe. Kadi ya picha, jinsi inavyochapishwa kwa kawaida, ndiyo kitu kibaya kuliko vyote, na tunaanza nayo kwa sababu ndiyo watu wanayoiamini zaidi.

Kadi ya picha

Kadi nyingi huonyesha miduara minane hadi kumi na miwili, kila mmoja na jina chini yake: mbu, kiroboto, kunguni, kupe, nyuki, nyigu, buibui. Kosa lake kubwa ni kudhani kwamba alama ni ya mdudu. Alama ni ya mwili wako. Mdudu anaingiza mate au sumu, na kinachovimba ni jinsi kinga yako inavyoipokea. Mbu yuleyule atamwachia mmoja kinundu kinachotoweka baada ya saa moja, na mwenzake, hasa mtoto mdogo, uvimbe mgumu wenye lengelenge juu. Wako wanaoumwa na kunguni usiku kucha wasitoke hata kipele, na wako ambao vipele huchelewa kujitokeza kwa siku kadhaa, wakamlaumu mdudu wa jana badala ya kitanda walicholalia wiki iliyopita.

Kosa la pili ni rangi ya ngozi. Karibu picha zote ni za ngozi nyeupe, na maelezo husema “tafuta wekundu”. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau, au kahawia iliyokolea, au hauonekani kabisa. Hapo macho yasaidiwe na vidole: pitisha mgongo wa mkono usikie joto, bonyeza taratibu usikie ugumu na ujue unaishia wapi, kisha linganisha na upande wa pili wa mwili. Na doa jeusi linalobaki baada ya kipele kupona linaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi. Hilo ni kovu la rangi tu. Kadi isiyosema hivyo itamfanya mtu aendelee kupaka dawa kwenye kitu kilichokwisha pona.

Kadi nzuri, na zipo chache, haikuanzishi na picha. Inakuuliza alama ziko wapi mwilini, zimepangwaje, zilianza lini, na kama kuna chochote ulichokikuta. Maswali hayo manne yanaeleza mengi kuliko duara lolote.

Chukua mahali. Vipele vingi vya kuwasha kwenye vifundo vya miguu na chini ya magoti, kila kimoja na kitone katikati, vinaelekeza kwa viroboto, hasa kama nyumbani kuna paka au mbwa. Vipele usoni, shingoni na mikononi, yaani sehemu zisizofunikwa na shuka, wakati mwingine vitatu au vinne kwa mstari, huelekeza kwa kunguni, na ushahidi hauko mwilini bali kwenye mishono ya godoro: vitone vyeusi vya kinyesi, magamba makavu waliyoyavua, madoa madogo ya damu. Bila ushahidi huo usikubali kuambiwa ni kunguni. Vipele vinavyofuata mstari wa mkanda wa suruali au mpira wa soksi huelekeza kwa utitiri, maana hao hupanda hadi nguo inapobana. Kupe hupenda penye joto na mikunjo: kinenani, kwapani, nyuma ya goti, nyuma ya sikio, kwenye nywele. Haumi kwa maumivu, ndiyo maana anagunduliwa kwa kupapasa. Papasi ni habari nyingine. Yeye hutoka usiku kwenye nyufa za sakafu na kuta, anakunywa damu kwa muda mfupi na kurudi kujificha. Hutamkuta mwilini asubuhi, lakini anaweza kukuachia homa inayokuja, inaondoka na kurudi tena.

Muda nao unasema. Maumivu makali papo hapo ni ya wanaochoma: nyuki, nyigu, nge, tandu. Nyuki wa asali ndiye anayeacha mwiba kwenye ngozi pamoja na kifuko cha sumu. Nyigu hauachi, na anaweza kuchoma tena na tena. Tandu huacha matundu mawili. Siafu unamwona mwenyewe ameng'ang'ania kwa taya. Sisimizi wa moto, wale wadogo wekundu wanaochoma kwa mkia, wana dalili yao ambayo haipotezi: ndani ya siku moja kila alama huota kichwa cheupe kinachofanana na usaha. Si usaha wa maambukizi, na kukitumbua ndiko kunakoleta maambukizi.

Sasa yale ambayo karibu kila kadi imeyaacha, nayo ndiyo yanayopotosha watu kila siku. Ya kwanza ni mdudu mwembamba wa jenasi Paederus, mwenye mistari ya rangi ya chungwa na nyeusi, anayevutwa na taa usiku. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi, majimaji yake yenye sumu iitwayo pederini huunguza. Siku ya kwanza unaweza usione kitu. Siku moja au mbili baadaye hutokea mchirizi unaounguza zaidi ya kuwasha, wenye malengelenge madogo, kama mtu aliyepigwa fimbo nyembamba. Kwenye kiwiko au nyuma ya goti utaona madoa mawili yanayotazamana, kwa sababu mkunjo ulipofunga doa moja lilijichapa upande wa pili. Kadi inayomwambia mtu huyo kwamba ameumwa na buibui imemdanganya. Ukimkuta ametua, mpulize au mpandishe kwenye karatasi. Ukishamponda, osha kwa sabuni na maji mengi, osha na mikono kabla hujagusa macho, na ubadilishe foronya.

Ya pili ni upele. Kuwashwa kunakozidi usiku, katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, sehemu za siri, na wengine nyumbani nao wanajikuna: hapo hakuna aliyeumwa, ni vijidudu vinavyochimba ngozi, na hakuna krimu ya muwasho itakayowamaliza. Watu wote wa nyumba hutibiwa kwa pamoja. Ya tatu ni jipu lenye tundu dogo katikati ambalo mtu anahisi kitu kikijisogeza ndani. Huenda ni buu la inzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa, na dawa ya kuzuia ni pasi ya moto hadi kwenye mishono na ukanda wa nguo.

Na buibui. Kadi zote zina picha yake, nyingi zikionyesha kidonda cheusi kilichochimbika. Ni picha inayotia hofu bure. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walichapisha ufuatiliaji wa watu 750 walioumwa kweli na buibui, ambao mdudu alikamatwa na kutambuliwa na wataalamu. Hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha kuoza. Mwaka huohuo, huko Kansas nchini Marekani, iliripotiwa familia ya watu wanne iliyokuwa ikiishi katika nyumba ambamo zilikusanywa buibui kahawia 2,055 wa jamii inayoogopwa ya Loxosceles ndani ya miezi sita. Hakuna aliyeonyesha dalili ya kuumwa. Loxosceles wanaweza kuunguza ngozi, hilo ni kweli, lakini kidonda chao huwa kimoja, kimebonyea na kikavu, chenye weupe au ubuluu katikati. Kitu kilichovimba juu, chenye joto na usaha, mara nyingi ni maambukizi ya bakteria yanayohitaji daktari. Anayekiita “buibui” anachelewesha tiba.

Buibui mjane mweusi, wa jenasi Latrodectus, ni kinyume chake: kwenye ngozi haachi cha kuonyesha. Maumivu ndiyo yanayosafiri, katika saa ya kwanza au zaidi, kutoka mguuni hadi tumboni au mgongoni, na misuli kukaza na jasho kutoka. Huyo apelekwe hospitali hata kama ngozi ni safi. Vivyo hivyo nge: ukimwona mtoto aliyechomwa anatoka udenda, anatetemeka, macho yanachezacheza au anapumua kwa shida, usingoje. Wanaosema mkia mnene na makoleo membamba ni ishara ya nge mkali hawakosei kwa jumla, lakini kanuni hiyo ina walioiasi. Isitumike kumzuia mtu kwenda hospitali.

Programu za simu zinazosoma picha ya alama zina ugonjwa uleule wa kadi. Zile zinazotambua mdudu mwenyewe kwa picha zinafaa zaidi, kama unaweza kumpiga picha ukiwa mbali naye.

Kibano

Hiki ndicho kifaa bora cha kisanduku, kikiwa kizuri. Kibane karibu na taa: ncha zake zikutane mwishoni kabisa, si tumboni. Jaribu kunyanyua unywele mmoja kutoka kwenye karatasi. Kikishindwa, ni kibano cha nyusi, nacho kitamponda kupe badala ya kumng'oa.

Kwa kupe, shika karibu na ngozi uwezavyo, upande wa kichwa, uvute moja kwa moja juu kwa nguvu isiyobadilika. Usizungushe, usishtue. Mafuta, kiberiti na rangi ya kucha havimtoi upesi, na vinaweza kumfanya atapike yaliyo tumboni mwake ndani ya jeraha. Kipande cha mdomo kikibaki na hakitoki kirahisi, kiache, ngozi itakisukuma yenyewe. Osha kwa sabuni au spiriti, mbandike kupe kwenye karatasi kwa gundi ya utepe, andika tarehe. Kwa siku 30 angalia mambo matatu: homa, duara linalotanuka kupita sentimita 5, na kigaga cheusi mahali pa jeraha. Likitokea lolote, nenda na karatasi yako. Maagizo haya hayakuwa katika visanduku vingi tulivyovipitia, na kibano bila maagizo ni nusu ya kifaa.

Kwa mwiba wa nyuki, usipoteze muda kutafuta kibano. Zaidi ya asilimia 90 ya sumu huwa imeshaingia ndani ya sekunde 20 hivi. Ule ushauri wa kukwangua kwa kadi ili usibonyeze kifuko ulipimwa mwaka 1996, na kilichoonekana ni kwamba kuchelewa ndiko kunakoongeza uvimbe. Namna ya kuutoa haikuleta tofauti. Toa kwa kucha, sasa hivi.

Pampu na amonia

Pampu ndiyo inayokalia nafasi kubwa zaidi ndani ya boksi, na haifanyi kazi. Mwaka 2004 ilipimwa kwa sumu bandia iliyodungwa kwenye miguu ya watu waliojitolea, kuiga jino la nyoka. Ilitoa asilimia 0.04 tu. Mdudu anaingiza kiasi kidogo mno, nacho kinasambaa kwenye nyama palepale. Unachokipata ni duara la damu iliyovilia, ambalo baadaye linachanganya anayetazama jeraha. Kisanduku kinachoweka pampu mbele kwenye tangazo lake kinakuonyesha jinsi watengenezaji wake walivyofikiri.

Kijiti cha amonia husemekana “kuzimua” sumu. Sumu imeshapita ngozi. Amonia inabaki juu, na ukiifunika kwa plasta inaweza kuunguza. Maelezo hayahaya yanaihusu siki na magadi.

Kalamu ya joto

Kifaa hiki hugusisha sahani ndogo yenye joto la nyuzi 50 hivi kwa sekunde tatu hadi sita. Boksi husema joto linavunja protini za sumu. Hatuoni joto la sekunde chache likishuka kina hicho kwa kiasi cha kutosha. Kinachotokea ni kwamba mishipa ya fahamu ya ngozi hushughulika na joto na ishara ya muwasho inazimwa kwa muda. Watumiaji waliofuatiliwa katika tafiti walisema muwasho ulipungua ndani ya dakika chache. Kwa hiyo ni kifaa cha muwasho, kwa mbu na viroboto. Haitibu mzio, haiui vijidudu.

Yanayoharibika: betri ikichoka sahani haifiki joto lake, na mtu anaanza kurudia mara tano mahali pamoja hadi ngozi inatoka lengelenge. Weka muda wa kupumzika kati ya mguso na mguso kama maagizo yasemavyo. Isitumike kwenye kope, wala kwa mtoto asiyeweza kusema “inaunguza”, wala kwenye mguu wa mwenye kisukari uliopoteza hisia. Kitambaa chenye barafu kwa dakika 10 kinafanya kazi karibu sawa, na kinapunguza uvimbe pia, jambo ambalo kalamu haifanyi.

Krimu na vidonge

Soma jina la dawa, usisome jina la biashara. Unachotaka ni haidrokotizoni ya asilimia 1: paka utando mwembamba mara moja au mbili kwa siku, usizidishe siku saba. Usipake kwenye ngozi iliyochubuka wala penye usaha, na kwa uso au mtoto mdogo uliza mfamasia kwanza. Baadhi ya visanduku huweka badala yake krimu yenye difenhidramini au benzokeini. Hizo tunazikataa, kwa kuwa zinaweza kuifundisha ngozi mzio mpya, na mtu akaishia na upele wa dawa juu ya kipele cha mbu. Losheni ya kalamini haina makali lakini haina madhara. Hupoza kwa muda.

Vidonge: sitirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, hupunguza vinundu na muwasho bila kulaza sana. Klofeniramini hufanya kazi pia, lakini inaleta usingizi. Anayeendesha gari au mashine aiache. Visanduku vingi huweka vidonge bila karatasi ya dozi za watoto. Hilo ni kosa la kutosha kuvirudisha dukani.

Kisichokuwemo

Kalamu ya wino ya kawaida ingefaa kuliko pampu. Zungushia mpaka wa uvimbe, andika saa. Baada ya kuchomwa na nyuki au nyigu, uvimbe mkubwa unaopita sentimita 10 huweza kuendelea kukua kwa siku mbili kisha kupungua polepole ndani ya wiki moja au zaidi. Unawasha, una joto, na mara nyingi watu hupewa antibiotiki bila sababu. Maambukizi huelekea kuanza baadaye, siku ya pili au ya tatu na kuendelea: maumivu yanazidi muwasho, joto linavuka mstari uliochora, usaha, homa, au mchirizi unaopanda kuelekea kwapani au kinenani. Saa iliyoandikwa kwenye ngozi inampa daktari jibu ambalo kumbukumbu haiwezi kumpa.

Hakuna kisanduku cha rafu kinachotibu mzio mkali wa mwili mzima, na vidonge vilivyomo vimeshawafanya watu wengi wangoje. Sauti kukwaruza, ulimi au koo kuvimba, kifua kubana, kutapika mfululizo, kizunguzungu, mabaka ya kuwasha mbali na mahali palipochomwa pamoja na dalili nyingine ya hizo: hapo dawa ni adrenalini. Sindano ya kujidunga ni miligramu 0.3 kwa mtu mzima, 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30. Hudungwa upande wa nje wa paja, katikati, hata kupitia nguo, na kushikiliwa kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kifaa husika. Mlaze mgonjwa na miguu juu. Kama anapumua kwa shida, mkalishe akiwa amenyoosha miguu. Asisimame wala kutembea kwenda kwenye gari. Ikipita dakika tano hakuna nafuu na sindano ya pili ipo, dunga ya pili. Hospitali ni lazima hata akipata nafuu, maana dalili huweza kurudi saa chache baadaye. Aliyechomwa ndani ya mdomo au kooni aende moja kwa moja, awe na mzio au asiwe nao, kwa sababu uvimbe pekee unatosha kuziba njia ya hewa.

Ukishanunua, toa pampu na amonia, weka mahali pake kalamu ya wino, sabuni kipande na bendeji. Nakili tarehe za kuisha za krimu na vidonge nje ya kifuniko. Usikiache kisanduku ndani ya gari lililoanikwa juani: krimu hutengana na kuwa maji juu na mafuta chini, na sindano ya adrenalini, kama unayo, inatakiwa kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, nje ya friji. Itazame kupitia kidirisha chake kila mwezi. Dawa ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia au ina chembe, ibadilishe hata kama tarehe haijafika.